Oma Alitufundisha Kupika: Siku Zetu Manado

Wengi wenu mlituuliza tulipata nini kule Indonesia, na wengine mlisema kwa mzaha kwamba tumerudi tumenenepa. Ni kweli. Mwezi Julai 2024, sisi watatu, wauguzi wawili na mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, tulialikwa na akina mama wa kanisa katika mji wa Manado, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Sulawesi. Tulikwenda tukidhani tutajifunza habari za huduma kwa wagonjwa. Hayo tulijifunza, lakini somo kubwa tulilipata jikoni, tena kwa mama mzee ambaye macho yake hayaoni sawasawa.

Safari ilikuwa ndefu. Tuliruka mpaka Ghuba, kisha Jakarta, kisha tukapanda ndege nyingine kwa zaidi ya saa tatu ndipo tukafika. Tulipotua, saa zetu zilikuwa nyuma kwa saa tano. Kwetu ilikuwa bado usiku wa manane, na kule jua limekwisha kuchomoza juu ya minazi. Minazi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kilichotutoa ugeni. Imejaa kila mahali, kuanzia ufukweni mpaka kwenye miteremko ya milima ya volkano. Tulipopanda kwenda Tomohon, mji wa baridi ulio kati ya mlima Lokon na mlima Mahawu, tuliona karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara. Mwenzetu aliyezaliwa Pemba alishusha kioo cha gari, akavuta harufu, akanyamaza kwa muda mrefu. Baadaye alisema, "Hapa sijapotea."

WATU WA MANADO

Manado ni mji mkuu wa mkoa wa Sulawesi Kaskazini. Wenyeji wengi wa sehemu hizo ni Waminahasa, na wengi wao ni Wakristo, jambo ambalo si la kawaida katika nchi ya Indonesia yenye Waislamu wengi. Wamisionari wawili, Johann Friedrich Riedel na Johann Gottlieb Schwarz, walifika mwaka 1831. Mmoja alikaa Tondano kando ya ziwa, na mwingine Langowan. Mwaka 1934 kanisa la Waminahasa likaanza kujitegemea. Jina lake kwa lugha yao ni Gereja Masehi Injili di Minahasa. Tulipoliona limeandikwa kwenye bango tulicheka kwa furaha, maana bila mkalimani tuliona humo Masihi na Injili.

Hayo hayakuwa maneno pekee tuliyoyatambua. Habari kule ni kabar, dunia ni dunia, bendera ni bendera, na nanasi ni nanas. Meza wanaiita meja. Kitambaa cha mkononi watu wa Manado wanakiita lenso, nasi tunakiita leso, kwa sababu sisi na wao tulilipata neno hilo kwa Wareno. Basi kila siku tulikuwa na mchezo wa kutafuta maneno, na watoto wa nyumba ile walitushinda.

Kuna msemo ambao kila mtu mjini anaujua: "Torang samua basudara." Maana yake ni kwamba sisi sote ni ndugu. Karibu na Tondano kuna kijiji cha Waislamu ambao mababu zao walihamishwa kwa nguvu kutoka Java na serikali ya Waholanzi, kwa sababu ya vita vilivyokwisha mwaka 1830. Walioa Waminahasa, na mpaka leo ndugu hao wa dini mbili hutembeleana katika sikukuu zao na kula pamoja. Utaona hapa chini kwamba hata chungu chao kimefikiria jambo hilo.

JIKONI KWA MWENYEJI WETU

Tulikaa katika nyumba ya mama mmoja wa umri wa miaka hamsini hivi. Sisi tulimwita Ibu, yaani mama, kama desturi yao inavyotaka. Katika nyumba hiyo aliishi pia mama mzazi wa mumewe, mwenye miaka 83. Wote walimwita Oma, neno la bibi walilolirithi kutoka kwa Waholanzi. Macho ya Oma yanaona mwanga na vivuli tu.

Asubuhi ya kwanza tuliamka mapema ili tusaidie kazi, kama wageni wenye adabu. Tulimkuta Oma amekwisha kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo magotini, anachambua majani kwa vidole. Hakuwa anatazama. Alishika jani, akalipapasa, akalinusa, akaliweka upande wake. Majani machanga huku, makavu kule. Ibu alikuwa kwenye jiko la gesi, na kila baada ya muda alipeleka kijiko kwa Oma. Oma alionja, akasema neno moja, na Ibu akarudi kutii. Hakuna chungu kilichoondoka motoni asubuhi ile bila ruhusa ya yule bibi.

Tulitazamana. Kila mmoja wetu alijua mwenzake anafikiria nini, lakini hatukusema.

TINUTUAN, UJI WA ASUBUHI

Chakula kilichokuwa kinapikwa ni tinutuan, uji mzito wa mchele na mboga ambao watu wa Manado hula asubuhi. Mjini kuna mtaa uitwao Wakeke unaojulikana kwa migahawa ya chakula hicho. Kwanza mchele hupikwa kwa maji mengi pamoja na mchaichai uliopondwa. Unapoanza kupasuka, hutiwa punje za mahindi mabichi, vipande vya muhogo au viazi vitamu, na boga. Boga hulainika na kuufanya uji wote uwe na rangi ya dhahabu. Mwishoni kabisa hutiwa majani: mchicha, kangkung ambao ni mboga ya majini, majani ya gedi, na majani yenye harufu nzuri ya jamii ya mrehani.

Tulipoyashika majani ya gedi yalituteleza mkononi. "Mlenda!" tulisema kwa pamoja. Kwa kweli gedi ni ndugu wa bamia, na huutia uji utelezi ule ule ambao watu wa Dodoma wanaupenda.

Uji huu hauna nyama. Huletwa mezani na samaki mkavu na pilipili pembeni, kila mtu ajiwekee apendavyo. Kwa hiyo Mkristo, Mwislamu na yule asiyekula nyama wote hukaa kwenye meza moja bila kuulizana maswali.

Sisi wauguzi tulikaa na bakuli zetu tukahesabu kama tulivyozoea kliniki. Wanga umo, wa mchele, mahindi na muhogo. Boga lina kile kinachojenga vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Majani yana madini ya chuma na foliki, ambavyo mama mjamzito anavihitaji ili asipungukiwe na damu. Ukiongeza samaki, au maharage kwa asiye na samaki, na mafuta kidogo, mlo umekamilika. Hakuna kitu katika bakuli lile ambacho mama wa Morogoro au wa Kisumu hawezi kukipata sokoni au nyuma ya nyumba yake.

Hapo ndipo tulipoanza kuona haya. Miaka mingi tumesimama mbele ya akina mama kliniki tukiwaambia mtoto apewe maziwa, mayai, maini na machungwa. Mama anaitikia "ndiyo, sista", anarudi nyumbani bila fedha ya kununua hata kimoja, na njiani anayapita maboga na majani yake. Sisi hatukumwambia ayachume. Tulikuwa tumesahau kwamba ni chakula.

SAMAKI NA PILIPILI

Tusiwafiche, akina mama: watu wa Manado wanakula pilipili kupita kiasi. Wanaiita rica. Chakula kiitwacho rica-rica ni kuku, samaki au nyama iliyopikwa kwa pilipili nyingi zilizopondwa na tangawizi, mpaka jasho linatoka kabla ya tonge la pili. Mwalimu wetu alilia machozi mbele ya mchungaji, na mchungaji alifikiri ameguswa na ibada.

Zaidi ya yote wanapenda samaki. Bahari yao ina samaki wengi wa jamii ya jodari wanaoitwa cakalang. Humpasua mara mbili, humbana kwenye vijiti vya mwanzi, na humkausha kwa moshi kwa saa kadhaa mpaka awe mwekundu. Huyo ndiye cakalang fufu. Anachambuliwa na kuwekwa kwenye tambi na mboga, au ndani ya panada, mkate mdogo wa kukaanga wenye umbo kama sambusa. Panada nayo ilitoka kwa Wareno.

Woku ndiyo pishi ambalo Oma alisisitiza tulijue. Pilipili, vitunguu vidogo, manjano mabichi, tangawizi na kokwa za kemiri hupondwa kwenye jiwe. Viungo hivyo hukaangwa mpaka harufu mbichi iishe. Kisha huongezwa mchaichai, jani la mmanjano, majani ya ndimu, nyanya na samaki, na mwisho mrehani kwa wingi. Ukipika kwenye chungu ni woku belanga. Ukifunga kwenye majani ni woku daun.

Siku tuliyokwenda ziwa Tondano tulipewa samaki wa maji baridi, wa kuchoma. Tulimtambua mara moja: perege! Wao wanamwita mujair. Samaki huyo asili yake ni mito ya upande wetu wa Afrika, Msumbiji na kusini yake. Katika miaka ya 1930 mtu mmoja wa Java aliyeitwa Mujair aliwakuta kwenye mlango wa mto, akawafuga, na jina lake likawa jina la samaki. Namna walivyofika huko hawakusimulia wenyewe, lakini tuliwala kama jamaa waliotutangulia ugenini.

Soko la Tomohon pia tulilitembelea. Ni soko la mboga na maua mazuri ajabu, lakini upande wa nyama unahitaji moyo, maana huko huuzwa wanyama ambao sisi hatuwafikirii kuwa kitoweo, wakiwemo popo na panya wa msituni. Biashara ya nyama ya mbwa na paka katika soko hilo ilipigwa marufuku Julai 2023. Hatukula popo, na Ibu hakutulazimisha. Alicheka tu akasema tumbo la mgeni lina haki zake. Nasi tulikumbuka kwamba kwetu tunakula kumbikumbi na senene, na mgeni akikunja uso tunaumia.

MBEGU ZA MBALI, MIKONO YA NYUMBANI

Jioni moja tulimwuliza Oma kama tinutuan ni chakula cha tangu mababu. Alijibu kwamba yeye alifundishwa na bibi yake. Hilo lilimtosha.

Lakini ukifikiri utashangaa. Mahindi, muhogo, boga lile la dhahabu, viazi vitamu, nyanya, pilipili na papai vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilisambaa duniani tangu karne ya 16 kwa merikebu za Wareno na Wahispania. Vilifika Manado, na vilifika pwani yetu. Hata sisi tunaosema ugali wa mahindi na kisamvu ni chakula cha asili, tunazungumza juu ya wageni waliofika na kukaribishwa. Kinachokifanya chakula kiwe cha asili, basi, ni bibi aliyemfundisha mama, na mama akamfundisha binti. Mbegu inaweza kutoka popote. Mkono mmoja ukikatika katika mnyororo huo, chakula kinakufa hata kama mbegu ipo shambani.

Waminahasa walilijua hilo mapema. Mwanamke wao mmoja, Maria Walanda Maramis, aliyezaliwa mwaka 1872 na kufiwa na wazazi akiwa mtoto mdogo, aliona kwamba wasichana walikuwa wakiachishwa shule baada ya elimu ya msingi. Mwaka 1917 alianzisha chama ambacho jina lake lina maana ya upendo wa mama kwa watoto wake, kwa kifupi PIKAT. Chama hicho kilifungua shule ambamo wasichana walijifunza kupika, kushona na kutunza watoto wachanga. Wala hakuishia jikoni. Alidai wanawake wapige kura katika baraza la Minahasa, na mwaka 1921 wakaruhusiwa. Alifariki mwaka 1924, na mwaka 1969 alitangazwa kuwa shujaa wa taifa. Kwake jiko na kura havikugombana.

JUMAPILI YA SHUKRANI

Kila mwaka, katika miezi ya katikati ya mwaka, Waminahasa wana Jumapili ya kumshukuru Mungu kwa mavuno. Wanaiita Pengucapan Syukur. Kila wilaya ina siku yake. Mazao huletwa kanisani, na baada ya ibada kila nyumba hufungua mlango. Mtu yeyote akipita huitwa aingie ale, hata kama hajulikani. Akiondoka hupewa kifurushi cha kwenda nacho.

Maandalizi huanza siku mbili kabla. Uani kwa ndugu wa Ibu kule Tondano tuliona mianzi mingi imeegemezwa juu ya moto wa makumbi ya nazi. Ndani ya mianzi mingine kulikuwa na nasi jaha, mchele unaonata uliotiwa tui na tangawizi, ukazungushiwa jani la mgomba. Mingine ilijaa kuku au nguruwe kwa viungo. Wanaume waligeuza mianzi, wanawake walikuna nazi, vijana walibeba maji, na majirani walikuja bila kuitwa. Mtindo huo wa kusaidiana wanauita mapalus. Leo kwako, kesho kwangu, kama sisi tulivyokuwa tukifanya wakati wa kulima.

Oma alikaa katikati ya moshi huo kama malkia. Kila mwanzi ulipopasuliwa aliletewa kipande cha kwanza.

Usiku ule, tukiosha vyombo, mwalimu wetu alipata ujasiri akamwuliza Ibu, "Mama, wewe na mama mkwe wako mlipatanaje hivi jikoni?"

Ibu alikausha mikono, akakaa. Mtoto wake alitufasiria.

"Hatukupatana," alisema. "Opa alipofariki tulimleta Oma mjini. Nilikuwa na jiko jipya. Wiki ya pili aliunguza kitambaa, nikaogopa. Nikamwambia, 'Oma, umefanya kazi ya kutosha, sasa kaa upumzike.' Nilidhani huo ni upendo. Akakaa. Baada ya miezi akaacha kula. Tukampeleka hospitali, wakampima kila kitu, hawakuona ugonjwa mkubwa. Alirudi amebaki mifupa. Siku moja napika woku ya wageni, nasikia sauti kutoka kwenye kona yake: 'Jani la mmanjano hujaweka.' Haoni, hakuwa hata karibu, lakini alinusa. Na ni kweli nilikuwa nimesahau. Nikabeba chungu kizima mpaka kwenye kiti chake, nikapiga magoti, nikamwambia aonje. Alionja, akasema chumvi bado. Siku hiyo alikula."

Hakuna aliyezungumza. Sisi wauguzi tuliwakumbuka wazee wote tuliowahudumia wodini, ambao kwenye faili zao tumeandika "hamu ya kula imepungua", tukaongeza vidonge vya vitamini, tukapita kitanda kinachofuata. Tusieleweke vibaya: mzee anayekonda apelekwe hospitali, achunguzwe sukari, kifua kikuu, meno na mengineyo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mzee wodini, "Mama, nyumbani kwako nani anapika?"

Mmoja wetu alitoka nje akalia. Hatutamtaja, ila ndiye aliyeshika kalamu hii.

TULIPORUDI NYUMBANI

Kwa maana nyumbani kwetu Morogoro kuna bibi wa miaka 76, mama wa mume, aliyetoka Mpwapwa miaka minne iliyopita. Alikuja na kinu chake, mchi wake na mfuko wa mlenda mkavu. Kinu tulikiweka stoo. Mlenda tulisema watoto hawaupendi. Alipotaka kupika tulimwambia dada wa kazi yupo. Tulimpa chumba kizuri, redio na Biblia ya maandishi makubwa. Kila mgeni alitusifu kwa kumtunza mama mkwe. Naye alikuwa akirudisha sahani nusu.

Tulirudi na zawadi za karafuu na kitambaa kizuri cha Minahasa. Tukamsimulia yote ya Oma, tukamwomba msamaha, tukamwambia jiko ni lake. Tulitegemea machozi na kukumbatiana, kama katika hadithi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mmetoka ng'ambo yote hiyo kwenda kuambiwa kwamba mimi najua kupika?" Akageukia ukutani.

Siku kumi hakuingia jikoni. Tulitoa kinu stoo, tukakiosha, tukakiweka uani pale anapoota jua la asubuhi. Hakukigusa. Mume alisema tumwache. Siku ya kumi na moja, Jumamosi, tulibandika mlenda kwenye jiko la mkaa uani, tukafunika sufuria, tukaingia ndani kuchukua chumvi. Tuliporudi mfuniko ulikuwa chini.

"Mlenda haufunikwi," alisema bila kututazama.

Tukamwuliza, "Na magadi, mama?"

"Kidogo."

Sisi wauguzi tunafundishwa kwamba magadi hupunguza vitamini za mboga. Tulifungua mdomo ili tuseme hivyo, kisha tukaufunga. Kidogo chake kilikuwa kidogo kweli, na kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya vitamini kwenye sufuria ile. Siku nyingine tutalizungumza, yeye na sisi, kama wapishi wawili.

Watoto walikula mlenda. Mkubwa alikula, mdogo alilalamika, kama watoto wa kila mahali. Bibi hajasema kwamba ametusamehe, nasi hatumwulizi. Lakini sahani yake hairudi tena na nusu ya chakula, na majuzi alituuliza kwa ukali ni nani aliyeng'oa maboga nyuma ya choo, kwa sababu majani yake yalikuwa yamefikia kuliwa.

JARIBUNI NA NINYI

Tumepika tinutuan hapa kwetu kwa vitu vya sokoni, na mkutano wa akina mama ulimaliza sufuria nzima.

Mahitaji (watu 6): mchele kikombe 1, maji vikombe 10, mahindi mabichi 2 yaliyopukuchuliwa, muhogo au kiazi kitamu, vipande kikombe 1, boga, vipande vikombe 2, mchaichai mashina 2, mchicha na matembele, vikombe 4 vilivyokatwa, mlenda mbichi au bamia 6, mrehani konzi 1, chumvi.

Namna ya kupika: Osha mchele, uweke motoni na maji na mchaichai uliopondwa. Ukianza kupasuka, tia mahindi na muhogo. Vikikaribia kuiva, tia boga. Boga likilainika, liponde kidogo kwa mwiko ili uji upate rangi. Kama uji ni mzito mno, ongeza maji ya moto. Tia bamia na mboga za majani, pika dakika chache tu zisipoteze rangi, kisha tia mrehani na ondoa motoni. Andaa na samaki wa moshi au dagaa. Mwenye shinikizo la damu aepuke samaki wa chumvi, au amloweke na kumwaga maji kabla ya kupika.

Dabu-dabu, kachumbari yao: Kata nyanya 3, vitunguu vidogo 5 na pilipili kwa kadiri ya uwezo wako. Tia chumvi, kamulia ndimu 2, kisha mwagia vijiko 2 vya mafuta ya moto. Watoto wadogo wapewe uji bila kachumbari hii.

Kipimo cha chumvi ya uji hatukukiandika, akina mama, nanyi msitulaumu. Kama nyumbani kwako yupo bibi, mpelekee kijiko kwanza, umsubiri aseme.